Kalamu, Karatasi na Kiini cha Utaridi

Hakuna aliyewahi kuchimba hadi akafika ndani ya sayari. Shimo lenye kina kikubwa kuliko yote duniani, lile la Kola kaskazini-magharibi mwa Urusi, liliishia mita 12,262 chini ya ardhi, ilhali kutoka usoni mwa Dunia hadi katikati yake ni kilomita 6,371. Juhudi zote zile hazikufika hata sehemu moja ya mia tano ya safari. Kila tunachosema kuhusu viini vya sayari, kwamba hiki kimeyeyuka na kile kimeganda, tumekipata kwa kukisia kutokana na dalili za nje. Mwingereza Henry Cavendish mwaka 1798 alipima msongamano wa Dunia nzima kwa mipira ya risasi aliyoifungia chumbani. Inge Lehmann wa Denmark alisoma mawimbi ya matetemeko ya ardhi hadi akatambua, mwaka 1936, kwamba ndani ya kiini cha Dunia kuna kiini kingine. Lakini kwa sayari nyingine nyingi hata mawimbi hayo hayakuwepo, kwa sababu hapakuwa na kipima tetemeko huko. Iliyobaki ni kuutazama mwendo wa sayari yenyewe: inavyojizungusha, inavyoinama, inavyoyumba. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, aliyeifikisha kazi hiyo mbali kuliko wengi ni Mmarekani Stanton Peale. Hoja yangu ni kwamba uzito wa kazi yake hauko katika majibu aliyoyapata, hata lile lililompa sifa kubwa. Uko katika namna alivyoyaunda maswali, hata maumbile yenyewe yakaweza kuyajibu, na jibu likaweza kuwa hapana.

Peale alizaliwa mwaka 1937 na akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1965, mwaka ambao imani moja kongwe kuhusu Utaridi, sayari ambayo vitabu vingi vya shule huiita Zebaki, ilianguka. Kwa zaidi ya miaka 70, tangu Mwitaliano Giovanni Schiaparelli atangaze hivyo mwaka 1889, wanaanga walikuwa wakifundisha kwamba Utaridi hujizungusha mara moja kila siku 88, sawasawa na muda inaotumia kulizunguka Jua, kwa hiyo upande mmoja unaungua daima na mwingine uko gizani milele. Gordon Pettengill na Rolf Dyce walilielekeza dishi la Arecibo, kisiwani Puerto Rico, lenye upana wa mita 305, kwenye sayari hiyo, wakatuma mawimbi ya rada na kusikiliza mwangwi wake. Jibu lilikuwa karibu siku 59. Peale, akishirikiana na Thomas Gold, alieleza mwaka huohuo kwamba jambo hili halikupaswa kumshangaza mtu. Obiti ya Utaridi ni duaradufu iliyorefuka, na breki ya mvutano wa Jua huwa kali zaidi sayari inapolikaribia. Kwa hiyo hakuna sababu ya mzunguko wake kutulia kwenye siku 88. Giuseppe Colombo wa Padova akaona kwamba 59 iko karibu mno na theluthi mbili za 88, yaani Utaridi hujizungusha mara tatu kamili kila inapolizunguka Jua mara mbili. Mwaka 1966 Peter Goldreich na Peale wakaonyesha kihesabu jinsi sayari inavyonaswa katika uwiano huo na kwa nini haichomoki. Siri ni kwamba Utaridi si tufe kamilifu. Ina uvimbe kidogo, na Jua huushika uvimbe huo.

Nimeikawilia hatua hiyo ya kwanza kwa sababu ndimo ilimotoka ya pili, ambayo kwangu ndiyo kilele cha maisha yake ya utafiti. Mwaka 1969, akiwa tayari Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, Peale alizichukua kanuni ambazo mwanaanga Cassini alizitoa mwaka 1693 kuhusu namna Mwezi unavyoinamisha mhimili wake, akazipanua zifae kwa gimba lolote linalojizungusha kwa uwiano na obiti yake. Ilikuwa kazi ya milinganyo mitupu. Kisha, kati ya Machi 1974 na Machi 1975, chombo cha Mariner 10 kilipita karibu na Utaridi mara tatu na kikakuta kitu ambacho wachache walikitarajia: uga sumaku, dhaifu, karibu asilimia moja tu ya ule wa Dunia, lakini upo. Hapo pakazuka mabishano. Utaridi ni ndogo, nusu kipenyo chake ni kilomita 2,440, na gimba dogo hupoa upesi. Chuma chake kilipaswa kuwa kimeganda zamani. Wengine walisema uga huo unazalishwa na chuma kioevu kinachozunguka ndani, kama ilivyo Duniani. Wengine wakasema huenda ni masalia ya sumaku ya kale iliyobaki katika miamba ya juu. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuuthibitisha upande wake.

Mwaka 1976 Peale alichapisha katika jarida la Nature makala ya kurasa mbili. Alionyesha kwamba swali hilo linaweza kujibiwa bila kutua Utaridi, bila kipima tetemeko, bila hata kuugusa uga sumaku wenyewe. Mpishi yeyote anajua namna ya kutofautisha yai bichi na lililochemshwa bila kuyavunja: huyazungusha mezani, na lile bichi hukataa kwenda sawa kwa sababu ute wake haufuati ganda. Jua tayari linaizungusha Utaridi kwa namna hiyo. Kwa kuwa obiti imerefuka, mvutano wa Jua kwenye ule uvimbe huiharakisha sayari kidogo na kuichelewesha kidogo katika kila kipindi cha siku 88, na hapo sayari huyumba. Ikiwa yote ni ngumu hadi katikati, yote itayumba, na itayumba kwa uzito. Ikiwa kiini ni kioevu, ni tabaka la mwamba peke yake litakaloyumba huku kiini kikibaki nyuma, na mwyumbo utakuwa mkubwa karibu maradufu. Ugumu ni kwamba mwyumbo peke yake haumwambii mtu lolote mpaka ajue umbo la sayari na jinsi uzito wake ulivyogawanyika ndani. Hapo ndipo kanuni za Cassini zilipomfaa. Mwinamo mdogo wa mhimili hutawaliwa na mwendo wa polepole unaochukua mamia ya maelfu ya miaka, na katika muda mrefu kiasi hicho hata kiini kioevu hufuatana na mwamba. Kipimo kimoja kinalisoma tabaka la juu peke yake, kingine kinaisoma sayari nzima. Ukiongeza namba mbili za umbo la uga wa mvutano, una namba nne, na uwiano wake unakwambia kama kiini kimeyeyuka. Sijui makala nyingine ya ufupi ule katika fani hii iliyobeba mengi kiasi hicho.

Kilichofuata ni kungoja. Kwa miaka mingi hakuna chombo kilichorudi Utaridi, na kuupima mwyumbo kutoka Duniani kulionekana ni ndoto. Njia ilikuja kutoka kwa Mrusi Igor Holin, ambaye kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 alieleza kwamba rada inaweza kutumika kwa namna mpya. Mawimbi yakigonga uso wenye mabonde na mawe, mwangwi wake haurudi ukiwa sawa. Hurudi na mabaka ya nguvu na ya udhaifu, na mabaka hayo hupita juu ya uso wa Dunia kadiri Utaridi inavyojizungusha. Weka madishi mawili mbali na mwenzake, na kwa sekunde chache tu katika siku, wakati mpangilio umekaa sawa, baka lilelile litapita kwenye dishi la kwanza na baadaye kidogo kwenye la pili. Ucheleweshaji huo ndio mwendo wa kujizungusha, kwa usahihi wa sehemu moja katika laki moja. Jean-Luc Margot aliifanya kazi hii pamoja na wenzake, Peale na Holin wakiwemo, wakirusha mawimbi kutoka dishi la mita 70 la Goldstone, California, na kuyapokea hapohapo na pia Green Bank, West Virginia, upande wa pili wa nchi. Matokeo yalitoka katika jarida la Science Mei 2007. Mhimili umeinama kwa dakika 2.11 za nyuzi, yaani karibu umesimama wima, kama kanuni za 1969 zilivyodai. Mwyumbo ni sekunde 35.8 za nyuzi, ambazo kwenye ikweta ya Utaridi ni takriban mita 420 za kwenda na kurudi kutoka mahali ambapo uso ungekuwa. Mita 420, kwenye sayari ambayo hata ikiwa karibu nasi kabisa iko kilomita milioni 77! Mwyumbo huo ni mkubwa mno kwa sayari iliyoganda. Kiini, angalau sehemu yake, ni kioevu.

Msomaji makini atauliza: kama miaka 31 ilipita na waliopima ni wengine, sifa inamwendeaje aliyeandika kurasa mbili? Swali hili lina haki yake, na sidhani linajibiwa kwa kuwapunguzia wapimaji chochote. Bila Holin pasingekuwa na njia, bila Margot pasingekuwa na kipimo. Lakini angalia namba yenyewe. Mtu akikupa mwendo wa kujizungusha wa sayari kwa usahihi wa sehemu moja katika laki moja, amekupa nini, kama hakuna aliyekwisha kuonyesha kwamba ndani ya tarakimu za mwisho za namba hiyo kuna habari ya kiini? Peale hakusema tu kwamba kiini kikichunguzwa kitajulikana; alisema kipimwe nini, kwa usahihi gani, na kila jibu litamaanisha nini. Wala hakuiacha kazi hiyo mlangoni. Aliirudia tena na tena, akichunguza kama msuguano kati ya kiini na mwamba ungeharibu hesabu, na kama kungekuwa na miyumbo mingine ya kale ya kuchanganya vipimo. Alikuwa pia miongoni mwa wanasayansi wa chombo cha MESSENGER, kilichoingia katika obiti ya Utaridi Machi 2011 na kuziboresha namba za mvutano ambazo hadi hapo zilitokana na Mariner 10. Kwa namba hizo kiini kilionekana kuwa na nusu kipenyo cha karibu kilomita 2,020, hivyo mwamba wote wa juu ni tabaka la kilomita 420 hivi tu.

Hata hivyo, jina la Peale likitajwa, wengi hukumbuka jambo jingine: Io. Mwezi huu wa Mshtarii, uliogunduliwa na Galileo mwaka 1610, una ukubwa unaokaribia wa Mwezi wetu, na kwa kanuni ya kawaida ulipaswa kuwa umepoa na kufa kama Mwezi wetu ulivyo. Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds, hawa wawili wakiwa Kituo cha Utafiti cha Ames cha NASA, walihesabu jambo jingine. Nguvu wanayoijua watu wa pwani, ile inayojaza na kupwesha bahari na kuleta bamvua, huvuta pia mwamba. Io huuelekeza uso uleule kwa Mshtarii daima, na kama obiti yake ingekuwa duara, uvimbe wake ungetulia mahali pamoja bila kuleta joto. Lakini Io iko katika uwiano na jirani zake: Europa ikizunguka mara moja, Io huzunguka mara mbili, na Ganimedi ikizunguka mara moja, Io mara nne. Mivuto hiyo inayojirudia haiiachi obiti yake iwe duara kamili, hivyo kila baada ya saa 42 na nusu mwamba hunyanyuka na kushuka, hadi kama mita 100, na msuguano huo unaupasha moto. Makala yao ilitoka katika Science tarehe 2 Machi 1979, ikisema kwamba huenda dalili za kuyeyuka zikaonekana katika picha za chombo cha Voyager 1. Chombo kilipita tarehe 5. Tarehe 8 Machi Linda Morabito, mhandisi wa uongozaji wa safari katika maabara ya JPL ya NASA, alikuwa akiikuza nuru ya picha iliyopigwa kwa ajili ya kutafuta nyota za kuongozea chombo. Kwenye ukingo wa Io aliona wingu lililosimama zaidi ya kilomita 250 juu ya uso. Lilikuwa volkeno inayolipuka, ya kwanza kuonekana nje ya Dunia.

Wapo wanaosema hiyo ilikuwa bahati, na kwa tarehe wana haki. Makala ingecheleweshwa wiki moja na mhariri, leo ingekuwa maelezo ya jambo lililokwisha kuonekana. Lakini bahati haikuunganisha vipande. Uwiano wa miezi ya Mshtarii ulijulikana tangu enzi za mwanahisabati Laplace katika karne ya 18. Milinganyo ya joto la msuguano ilikuwepo. Ukubwa wa Io ulijulikana. Vyote vilikuwa mezani, na hakuna aliyevikusanya mapema zaidi. Tena watatu hao walijiweka hadharani siku chache kabla ya picha kufika. Voyager ingeonyesha uso uliojaa mashimo ya kale ya vimondo, kama ulivyo uso wa Mwezi, makala yao ingekufa ndani ya wiki moja mbele ya wanasayansi wote wa fani. Hatari hiyo waliichagua wenyewe, na ndiyo inayoitenga kazi hii na ubashiri wa kawaida, ambao huandikwa kwa maneno mapana kiasi kwamba lolote litakalotokea litaonekana limetabiriwa.

Pingamizi zito zaidi limekuja baada ya Peale kufariki, na halipaswi kupitwa harakaharaka. Makala ya 1979 haikutaja joto tu. Ilisema kwamba mwamba ukianza kuyeyuka katikati, ganda linalobaki hulegea, likizidi kulegea hunyumbuka zaidi, likinyumbuka zaidi hupata joto zaidi, mpaka Io ibaki ganda jembamba juu ya ndani iliyoyeyuka karibu yote. Desemba 2023 na Februari 2024 chombo cha Juno kilipita Io kwa umbali wa kilomita 1,500 hivi, na vipimo vya mvutano vilivyochapishwa mwishoni mwa 2024 vilionyesha kwamba Io hainyumbuki kwa kiasi kinachotarajiwa kama kungekuwa na bahari ya magma chini ya ganda lote. Sehemu kubwa ya mwamba wake bado ni ngumu. Je, hesabu iliyosifiwa ilikosea? Katika sehemu hiyo, inaelekea ndiyo, na nadhani tuseme hivyo bila kuzungukazunguka. Chanzo cha joto kilikuwa sahihi. Leo zinajulikana volkeno hai zaidi ya 400 huko, na joto linalotoka katika kila mita ya mraba ni zaidi ya mara 20 ya lile la wastani wa Dunia. Picha ya mahali magma inapokaa ndiyo haikusimama. Lakini kilichowawezesha wanasayansi wa Juno kuona kosa ni ile milinganyo ya mwitikio wa mwamba kwa mvuto wa Mshtarii ambayo 1979 iliileta mbele ya fani. Nadharia iliyosema wazi ganda linapaswa kunyumbuka vipi ndiyo inayoweza kukamatwa ganda lisiponyumbuka hivyo. Na uzoefu wa kusahihishwa haukuwa mgeni kwa kundi hili: mwaka uleule wa 1979 walichapisha makala iliyouliza kama Europa ina maji ya kioevu chini ya barafu yake, na mwaka 1980 wao wenyewe wakachapisha masahihisho ya hesabu ya joto waliyoifanya.

Swali kuhusu Europa halikufa kwa masahihisho hayo. Lilipita mikononi mwa wengine, likafika Zohali, ambako mwaka 2005 chombo cha Cassini kilikuta mwezi mdogo wa Enkelado ukirusha mvuke wa maji kutoka ncha yake ya kusini, na Oktoba 2024 likarusha chombo kizima, Europa Clipper, kuelekea Mshtarii. Vyuo vikuu siku hizi hupima mchango wa msomi kwa kuhesabu ni mara ngapi makala zake zimenukuliwa, na kwa kipimo hicho Io itaishinda Utaridi daima, kwa kuwa volkeno zina picha na mwyumbo wa mita 420 hauna. Naikataa hesabu hiyo kwa kazi ya namna hii. Makala ya Io ilikutana na jibu lake ndani ya siku sita. Ile ya Utaridi ilingoja miongo mitatu bila chombo na bila mbinu ya kupimia, na fani ilipovipata vyote viwili, haikulazimika kubadilisha swali. Ilijaza namba katika nafasi zilizokuwa zimeachwa wazi.

Peale alifariki Mei 2015, majuma mawili hivi baada ya MESSENGER kuishiwa nishati na kuanguka kwenye uso wa Utaridi. Chombo kinachofuata, BepiColombo cha Ulaya na Japani, kilichopewa jina la yule Colombo wa theluthi mbili, kilirushwa Oktoba 2018 na kimepangwa kuingia katika obiti ya Utaridi Novemba 2026. Kinabeba kipimo cha leza cha kusoma urefu wa uso na mitambo ya redio ya kusoma mvutano. Kati ya kazi zilizoandikwa katika mpango wake imo ya kupima upya, kwa usahihi mkubwa zaidi, mwyumbo wa siku 88, mwinamo wa mhimili, na namba mbili za umbo la uga wa mvutano. Safari hii swali limesogea hatua moja ndani: ndani ya chuma kilichoyeyuka, kiini kigumu kimefikia ukubwa gani?